Masanga: wimbo wa barabara za Likasi uliopita mikono mingi

Ukiuliza wasikilizaji ni wimbo gani uliorudiwa na mwanamuziki mwingine ambao wanaupenda zaidi, jibu linajulikana hata kabla ya simu kulia. Ni Malaika. Mmoja anataka ya Fadhili William wa Kenya, mwingine anataka ya Miriam Makeba, na wale waliokuwa vijana mwaka 1981 wanataka ile ya Boney M. Kisha ugomvi unaanza juu ya nani aliyeutunga, na muda wa kipindi unaisha.

Likasi ina wimbo wake wa kuweka kwenye orodha hiyo, nao haupati kutajwa mara nyingi. Unaitwa Masanga. Mwenyewe ni Jean-Bosco Mwenda, na aliyeutoa hapa kwenda duniani alimkuta akipiga gitare barabarani, katika mji huu, mwaka 1952, wakati mji ulikuwa bado unaitwa Jadotville.

Mtu huyo alikuwa Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini. Alikuwa anazunguka nchi za kusini na katikati ya Afrika na mashine yake ya kunasa sauti, akikusanya ngoma, nyimbo za vijijini na zile za mjini. Katika safari ile alifika Katanga. Bosco alikuwa kijana wa miaka 22 tu. Kampuni ya Gallo ya Johannesburg ilitoa nyimbo zake kwenye diski, na Masanga ilipata zawadi ya Osborn ya muziki bora wa Afrika wa mwaka ule. Gitare moja na sauti moja, bila orkestra, bila ngoma.

Anayeisikia kwa mara ya kwanza huwa anauliza yule wa pili ni nani. Hakuna wa pili. Kidole gumba kinatembea kwenye nyuzi nene za juu, hakisimami, kama mtu anayesukuma baiskeli kwenye mlima wa Panda. Kidole cha shahada kinachukua nyuzi nyembamba na kusema maneno yake pembeni. Vidole viwili, basi. Ndiyo maana sikio linadanganyika na kuhesabu magitare mawili.

Bosco hakuwa mtoto wa mjini. Alizaliwa Bunkeya mwaka 1930, katika ukoo unaohusiana na Msiri, mfalme wa Bayeke. Na Bayeke wenyewe walikuja Katanga katika karne ya 19 kutoka upande ambao leo ni Tanzania. Lakini Masanga haikuimbwa kwa Kiyeke. Iliimbwa kwa Kiswahili cha huku kwetu, kile cha kambi za wafanyakazi, ambacho wakati ule watu wengi walikidharau kama lugha ya kazini. Union Minière ilikuwa imeleta watu kutoka Kasai, kutoka Rwanda, kutoka Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia. Mluba wa Kasai, Msanga na Mbemba walikaa nyumba zinazogusana, na mtu aliyetaka asikilizwe na wote alichagua lugha ambayo haikuwa ya mama wa yeyote kati yao. Tuliweke hilo vizuri kichwani, maana ndilo lililoufikisha wimbo mbali.

Sasa, kampuni ile ya Gallo ilikuwa tayari imetoa nyimbo nyingine mbili ambazo dunia nzima ilizirudia, na ni lazima kuzitazama kidogo ili kuelewa kilichotokea kwa Masanga.

Ya kwanza ni Mbube ya Solomon Linda, Mzulu, aliyeirekodi Johannesburg mwaka 1939. Aliuza haki zake kwa shilingi kumi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kikundi cha The Weavers, ambamo aliimba Pete Seeger, kiliirudia Marekani kwa jina la Wimoweh, kwa sababu hawakusikia vizuri neno la Kizulu. Mwaka 1961 The Tokens wakaiongezea maneno ya Kiingereza juu ya simba anayelala. Linda alikufa mwaka 1962, maskini. Binti zake walingoja mpaka mwaka 2006 ndipo makubaliano ya malipo yakapatikana, baada ya wimbo kuingia hata kwenye sinema ya Disney, The Lion King.

Ya pili ni Skokiaan, ya August Musarurwa wa Bulawayo, mpiga saksafoni. Mwaka 1954 waliirudia Wamarekani wengi kwa mara moja, na mmoja wao alikuwa Louis Armstrong. Armstrong alipozunguka Afrika mwaka 1960 alipita hata Elisabethville, wakati Katanga ilikuwa imejitenga, na Bulawayo alikutana na Musarurwa mwenyewe. Angalau huyu alipewa mkono.

Nyimbo hizi mbili zilikuwa rahisi kuchukuliwa. Ukiondoa maneno, sauti inabaki na inatosha. Unaweza kuipa tarumbeta, kuipa kwaya ya vijana wa New York, kuipa hata maneno ambayo hayahusiani kitu na yale ya kwanza. Aliyeichukua hana haja ya kumjua aliyeitunga. Masanga haikukubali jambo hilo. Ukiipa orkestra ya watu kumi, inakufa, kwa sababu wimbo wenyewe ni ule mwendo wa vidole viwili. Anayetaka kuurudia analazimika kukaa chini ya diski, au chini ya mzee anayejua, na kujifunza upya namna ya kushika gitare. Wengine walipoteza miezi hapo. Hakuna anayeweza kupiga Masanga bila kwanza kuwa mwanafunzi wa Bosco, hata kama hajawahi kumwona.

Wa kwanza kukaa chini hivyo kwa wingi walikuwa watu wa Kenya. Diski za Gallo zilifika Afrika Mashariki, na maneno yalikuwa Kiswahili. Kiswahili cha Katanga kina mambo yake, kweli, na mtu wa Mombasa lazima alikunja uso hapa na pale, lakini alielewa. Edouard Masengo, ndugu wa Bosco, naye mpiga gitare wa huku, alihamia Nairobi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Bosco mwenyewe alikaa huko kwa muda, akawa na kipindi chake redioni. Wapiga gitare wa Kenya wa kizazi kile walimsikiliza, kisha wakarudi nyumbani na gumba na shahada. Hawakurudia Masanga neno kwa neno. Walichukua ule mwendo na kuuwekea nyimbo za kwao, za Kiluya na za Kiswahili, na baada ya miaka michache mtu hawezi tena kusema wapi Likasi inaishia na wapi Kenya ya magharibi inaanzia. Kuna wanaosema hiyo si kurudia wimbo, ni kuiga mtindo. Labda. Lakini kwa muziki wa namna hii tofauti ni ndogo sana, na Wakenya wenyewe walipoandika historia ya gitare yao hawakumsahau Bosco.

Wazungu walikuja kwa njia nyingine, kalamu mkononi. David Rycroft, mtaalamu wa muziki, alikaa na diski za Bosco na kuandika kila noti kwenye karatasi. Kazi yake ilitoka kwa sehemu mbili katika jarida African Music, mwaka 1961 na 1962. Kichwa chake kinasema jambo kubwa: hakuita kazi hiyo nyimbo za Bosco, aliita ubunifu wa papo hapo wa gitare ya Bosco. Maana alipoandika aligundua kile ambacho watu wa Kikula waliomsikia barabarani walikijua bila karatasi. Bosco harudii. Anachukua kipande kidogo, anakizungusha, mara ya pili anakigeuza, mara ya tatu anakiacha na kuchukua kingine.

Hapo ndipo swali la wimbo wa kwanza na wimbo uliorudiwa linapovurugika. Tunasema diski ya 1952 ndiyo Masanga ya kweli. Lakini diski za wakati ule zilibeba dakika tatu hivi kwa upande mmoja, basi. Ile tunayoiita ya kweli ni dakika tatu zilizokatwa kutoka kwa kitu ambacho barabarani kilikuwa kinaendelea mpaka msikilizaji achoke au mpigaji aitwe. Kwa maana hiyo diski ya Tracey nayo ni moja tu ya Masanga nyingi, na waliokuja baadaye kuibadilisha hawakumkosea Bosco heshima. Walifanya kama yeye.

Baadaye alikuja John Low, mpiga gitare Mwingereza, aliyesafiri mpaka Shaba kuwatafuta wazee wa gitare: Bosco, Masengo, Losta Abelo. Kitabu chake juu ya safari hiyo kilitoka Vienna mwaka 1982. Yeye hakuridhika na karatasi. Alitaka kuona vidole. Na leo ukifungua intaneti utakuta vijana wa Ulaya, Marekani na Japani wanapiga Masanga chumbani, wengine vizuri sana, wengine kama mtu anayetembea na kiatu kimoja. Karibu wote wanaandika jina la Bosco chini ya video. Solomon Linda hakuipata heshima hiyo kwa miaka mingi.

Mji ndio uliopotea. Kwenye rekodi za Tracey imeandikwa Jadotville, na jina hilo lilifutwa katika miaka ya 1960. Mtoto wa Shituru akiandika Likasi kwenye simu yake hakutani na Bosco kwa urahisi. Akiandika Jadotville, anakutana na sinema ya mwaka 2016 juu ya askari wa Ireland waliozingirwa hapa mwezi wa Septemba 1961. Hata jina la mwanamuziki lilibadilika: wakati wa authenticité ya Mobutu, majina ya kikristo yalipokatazwa, Jean-Bosco Mwenda akawa Mwenda wa Bayeke. Mtu mmoja, majina mawili. Mji mmoja, majina mawili. Mwenye duka la diski huko nje anafikiri ni watu wawili na miji miwili.

Kwa familia zilizoondoka hapa hilo si jambo dogo. Mwaka 1992 na 1993, wakati wenye asili ya Kasai walifukuzwa Shaba, maelfu walilala kwenye gare ya Likasi na viti vyao, sufuria zao na watoto wao, wakingojea treni. Wengi wao walizaliwa katika kambi za hapa. Baba zao walikuwa kati ya watu wale ambao Bosco aliwaimbia kwa Kiswahili ili wote waelewe. Huko Mwene-Ditu na Kananga waliambiwa ni watu wa Katanga, sababu ya Kiswahili chao. Hapa walikuwa wameambiwa ni wageni. Mzee wa Kananga ambaye bado anapiga Masanga anapiga wimbo wa nyumbani kwake, na hakuna cheti kinachohitajika kwa hilo. Hata Bayeke walifika Katanga wakitoka mbali. Na kwa wale waliokimbilia Likasi miaka ya baadaye kutoka upande wa Mitwaba, wimbo huu uko wazi vilevile.

Bosco alirudia nyimbo zake mwenyewe mara nyingi. Mwaka 1969 alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani. Nyumbani alikuwa na kazi nyingine, kwa sababu gitare peke yake haikulisha familia: alifanya kazi ya benki, alikuwa Gécamines, alisimamia orkestra Super Shaba. Mwaka 1988 aliingia studio Cape Town na kurekodi upya baadhi ya nyimbo zake za zamani. Ukisikiliza hizo kando ya zile za 1952, sauti imeshuka na haraka ya ujana imeondoka. Vidole havikuondoka. Wengi wanapenda zaidi ya 1952 kwa sababu ndiyo iliyoleta zawadi. Lakini ile ya mzee ina nafasi ndani yake, anaacha uzi ulie mpaka mwisho kabla ya kugusa mwingine, na kama kuna mtu aliyemrudia Bosco vizuri kuliko wote, basi ni huyo Mwenda wa miaka 58.

Alikufa katika ajali ya gari huko Zambia, mwezi wa Septemba 1990. Diski ya Cape Town ilitoka baadaye, bila yeye kuiona ikienda mbali.

Wazee wanaopiga gitare kwa gumba na shahada bado wako, hapa Likasi na kule familia zilikotawanyika. Yeyote aliye na baba, mjomba au jirani wa namna hiyo, simu inatosha kumnasa. Mwacheni apige mpaka achoke, msimkate kwenye dakika ya tatu. Na mwishoni aseme mwenyewe jina lake, mwaka, mahali alipojifunzia, na jina ambalo mji huo unaitwa leo.