Springi na Njia za Uasin Gishu

Mwaka 1908, Makaburu wa Transvaal walioongozwa na Jansen van Rensburg, baada ya kushuka Mombasa na kusafiri kwa gari la moshi hadi Nakuru, waliyapitisha magari yao ya maksai katika misitu na matope mpaka uwanda wa Uasin Gishu, ambako mji wa Eldoret ulizaliwa katika shamba nambari 64. Na reli iliwafikia mwaka 1924 tu.

Taabu hiyo ya njia wameirithi waendesha bodaboda, waliozidi sana tangu serikali ilipoziondolea kodi pikipiki ndogo mwaka 2008. Chombo kilichokusudiwa watu wawili hupakiwa gunia la mahindi la kilo 90, na mwenyewe hana fedha za vipuri vipya. Kwa hiyo fundi wa jua kali huizungusha kwanza pete ya springi ya nyuma ili ibanwe zaidi, na isipotosha, huchomelea chuma na kufunga springi ya pili, kuukuu, ubavuni mwa ile ya asili. Hikima hiyo yastahili heshima. Lakini springi hubeba tu. Kinachotuliza mdundo ni mafuta yaliyomo ndani ya shokabzoba. Basi, ewe mwenye pikipiki, kagua kwanza kama yanavuja, ndipo uongeze springi.