Anayejua na Asiyejua: Historia ya Kupima VVU Nchini Uganda

Jumamosi moja, nikiwa mwaka wa kwanza, wahudumu wa afya walipiga hema karibu na hosteli zetu hapa Kansanga. Walikuwa wakipima VVU bure. Nilimwomba mwenzangu wa chumbani, anayesoma sheria, tuongozane. Akacheka, akarudi kwenye vitabu vyake. "Kaka, nenda wewe," akasema. "Asiyejua hana kesi."

Nilikwenda peke yangu, lakini maneno yale sikuyasahau. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mwenzangu alikuwa ananiambia kwamba siku hizi mfichua maradhi huumbuliwa na mahakama. Katika insha hii nataka kuonyesha jinsi Uganda, nchi iliyowafungulia watu wake mlango wa kupima mapema kuliko nyingi barani, ilivyokuja kutunga sheria inayowafanya wengine wauogope mlango huohuo.

Mimi natoka Bukoba, ng'ambo ya mpaka, kwa hiyo historia hii ni ya kwetu pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ugonjwa usiojulikana ulionekana katika kijiji cha wavuvi cha Kasensero, wilaya ya Rakai. Waganda waliuita silimu kwa jinsi ulivyowakondesha watu. Kwetu Kagera uliitwa Juliana, jina la vitambaa vya magendo vilivyopendwa wakati ule. Mwaka 1986, muda mfupi baada ya vita, Waziri wa Afya Ruhakana Rugunda alisimama mbele ya mkutano wa afya wa dunia huko Geneva akakiri kwamba Uganda ina UKIMWI. Serikali nyingine nyingi zilikuwa bado zinakanusha. Mwaka uliofuata Noerine Kaleeba, aliyefiwa na mumewe kwa ugonjwa huo, alianzisha na wenzake shirika la TASO. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alijitangaza hadharani kuwa ameambukizwa, akafariki Desemba ya mwaka huohuo.

Watu walipokubali kwamba ugonjwa upo, walitaka kujua hali zao. Lakini wangepimwa wapi? Wengine walikwenda benki ya damu ya Nakasero wakijifanya wachangiaji, ili tu damu yao ichunguzwe. Mwaka 1990 ndipo kilipofunguliwa Kituo cha Habari za UKIMWI jijini Kampala, kinachojulikana kwa kifupi AIC. Hapo mtu alipata ushauri nasaha na kipimo kwa hiari yake. Jambo lililonishangaza niliposoma habari zake ni hili: hakuulizwa jina. Alipewa namba, akarudi na namba yake kuchukua majibu. Watu walipanga foleni, wakiwemo wachumba waliotaka kuoana, ingawa wakati huo hapakuwa na dawa ya kuwapa. Walichopewa ni ukweli na siri. Vilitosha kuwaleta.

Mlango wa pili, yaani matibabu, ulifungwa na bei. Dawa za kufubaza virusi zilipopatikana katika miaka ya 1990, mgonjwa mmoja alihitaji maelfu ya dola kwa mwaka. Mwaka 2000 Profesa Peter Mugyenyi, mkuu wa kituo cha utafiti cha JCRC cha Kampala, aliagiza dawa za bei nafuu kutoka India licha ya mabishano ya hakimiliki. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza bei ya dola 350 kwa mwaka kwa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka. Mwaka 2004, kwa fedha za wafadhili, serikali ilianza kugawa dawa bure. Mwaka 2012 iliamuliwa kwamba kila mjamzito mwenye VVU aanzishiwe dawa za maisha, na mwishoni mwa 2016 sera hiyo ikawa ya kila anayekutwa na virusi, bila kusubiri kinga yake ishuke.

Kati ya hatua hizo mbili ndipo ilipokuja sheria. Bunge lilipitisha Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti VVU na UKIMWI Mei 2014, na Rais Museveni akaisaini Julai. Si sheria mbaya yote. Inadai ushauri nasaha kabla na baada ya kipimo, inakataza ubaguzi, na imeunda mfuko wa kutegemea kodi za vinywaji kama bia na soda. Lakini pia inaruhusu mjamzito na mwenzi wake wapimwe kama jambo la kawaida, inampa mhudumu nafasi ya kumweleza mtu mwingine majibu yako akiona yuko hatarini, na inaweka kifungo cha hadi miaka 10 kwa kuambukiza kwa makusudi na hadi 5 kwa kujaribu.

Waliotetea vifungu hivyo walisema vinawalinda wanawake dhidi ya wanaume wasiojali. Hoja hiyo ina uzito, na sitaidharau. Lakini tujiulize nani hupimwa kwanza nyumbani. Ni mwanamke, kwa sababu yeye ndiye anayekwenda kliniki ya wajawazito. Mume hubaki nyumbani bila kujua. Siku wakigombana, anayejua ni mke, na kosa la makusudi humhusu anayejua. Hivyo sheria iliyotungwa kumlinda inaweza kumgeukia. Hata kwetu Tanzania hatujasalimika: sheria yetu ya 2008 ina kifungo cha miaka 5 hadi 10, ingawa mwaka 2019 ilirekebishwa ili watu waweze kujipima wenyewe na vijana wa miaka 15 wapime bila idhini ya mzazi.

Kwa hiyo mwenzangu hakukosea kusoma sheria. Alikosea kudhani kwamba kutojua ni kinga. Virusi havisomi sheria. Anayejua hupata dawa, na anayezitumia vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Asiyejua ndiye anayeambukiza. Sheria inamtisha yule ambaye tayari amefanya tulichomwomba afanye.

Maoni yangu ni kwamba vifungu vya ushauri nasaha, siri na ubaguzi vibaki na vitekelezwe, lakini vya kufichua majibu na vya jela viondolewe. Mtu anayemdhuru mwenzake kwa makusudi anaweza kushtakiwa kwa sheria za kawaida za jinai.

Nilipomaliza kuandika nilimsomea mwenzangu insha hii. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Pale kwenye hema, waliandika jina lako?"

"Waliandika," nikamjibu. "Na namba ya simu."

Akanyamaza kidogo. "Mwaka 1990 ningekwenda," akasema.