Kalibu na Chapa: Visanamu vya Askari wa Plastiki kama Ushahidi wa Kihistoria

Visanamu vya askari wa plastiki vilivyochezewa na watoto wa Marekani na Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia viliuzwa kwa bei ya chini, vikapotea bustanini na kutupwa bila majuto. Makala haya yanahoji kwamba thamani yavyo kama ushahidi imo zaidi katika kalibu iliyovitoa kuliko katika umbo la askari anayeonekana, na kwamba ujuzi wa kuisoma kalibu hiyo ulijengwa kwa sehemu kubwa na wakusanyaji, nje ya vyuo vikuu.

Kabla ya plastiki kulikuwa na madini. Mafundi wa Nuremberg walimimina askari bapa wa bati. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London ikaanza kumimina askari wa risasi walio tupu ndani, hivyo kupunguza madini na bei. Nchini Marekani, Bergen Toy & Novelty ilitoa askari wa plastiki mwaka 1938, lakini mageuzi makubwa yalisubiri vita viishe. Polithini, iliyogunduliwa mwaka 1933 katika maabara za ICI huko Northwich, ilitumika wakati wa vita kuhami nyaya za rada. Amani ilipokuja ikahitaji soko jingine, na miongoni mwa matumizi yake mapya yakawa askari wa kuchezea. Kinaya hicho hakihitaji kutiwa chumvi.

Kalibu ya chuma ilikuwa ghali kuchonga, ila ikishakamilika ilitoa visanamu kwa maelfu kwa gharama ndogo. Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza mengi yaliyofuata. Louis Marx alitumia kalibu moja kulisha seti kadhaa zenye majina tofauti, kama Fort Apache na zile za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, zikauzwa kupitia katalogi za Sears. Timpo ya Uingereza ilimimina plastiki za rangi mbalimbali moja juu ya nyingine ili kuepuka gharama ya kupaka rangi. Britains iliichukua Herald, iliyokuwa na visanamu vya mchongaji Roy Selwyn-Smith, mwaka 1959, na kufikia 1966 ikawa imeacha kutengeneza askari wa risasi.

Mwaka huohuo wa 1959 Airfix ilianza kutoa visanamu vidogo vya kipimo cha 1/76. Baadaye orodha yake ikajumuisha Jeshi la Nane la Uingereza na Afrika Korps ya Wajerumani: vita vya Afrika visivyo na Mwafrika. Britains, katika enzi ya risasi, ilikuwa imetoa seti ya King's African Rifles. Airfix haikuwapa nafasi askari hao, ingawa walipigana Burma mwaka 1944.

Ugumu kwa mtafiti unaanza pale kalibu inapohama. Marx iliuzwa kwa Quaker Oats mwaka 1972, na ilipofungwa baadaye kalibu zake zikatawanyika. Airfix ilifilisika mwaka 1981 na kalibu zake zikapelekwa Ufaransa. Uzalishaji wa Herald ulikuwa tayari umehamia Hong Kong. Kwa hiyo kisanamu chenye umbo la miaka ya 1950 huenda kilimiminwa miongo minne baadaye, na anayekitumia kama ushahidi wa mawazo ya miaka ya 1950 hupotoka tangu hatua ya kwanza.

Wakusanyaji walilikabili tatizo hili kwa subira ya wanataaluma wa miswada ya kale. Walilinganisha chapa zilizo chini ya kitako, "Made in England" dhidi ya "Made in Hong Kong"; walipima rangi ya plastiki na ugumu wake; walichunguza utando wa ziada unaojitokeza kwenye maungio kalibu inapochakaa. Jarida la Plastic Warrior, lililoanza Uingereza mwaka 1985, lilizipa hoja hizo mahali pa kudumu. Hata hivyo, vigezo vya soko vimeupinda ushahidi. Kisanamu kilichotafunwa au kuunguzwa kwa kiberiti hakina bei, ilhali ndicho kinachoonyesha jinsi mtoto alivyocheza; seti isiyofunguliwa, inayothaminiwa kuliko zote, haikuchezewa kamwe.

Mwaka 2014 askari wa kijani waliingizwa katika National Toy Hall of Fame huko Rochester, New York. Heshima hiyo haizuii uchakavu. Plastiki ya baadhi ya visanamu vya Herald na Timpo imekauka kiasi cha kukatika inaposhikwa, hasa kwenye vifundo vya miguu na mitutu ya bunduki, na rangi hubanduka kwa maganda. Kifundo kikikatika, mkusanyaji hukihesabu kisanamu kuwa kimekwisha. Kitako chenye chapa, ambacho mtafiti angekihitaji zaidi, hubaki peke yake chini ya sanduku.