Msitu Wenye Mlango: Njia, Wageni na Chakula katika Pwani ya Kwale

Historia ya utalii wa Kwale huandikwa kana kwamba ilianza siku zege ya hoteli ya kwanza ilipomwagwa Diani. Katika masimulizi hayo, misitu ya kaya, vilima vya Shimba, mikoko ya Gazi na mapango ya Shimoni huingia mwishoni kama kitoweo cha ziada, jambo lililobuniwa kwa ajili ya mgeni aliyechoshwa na mchanga. Naona mambo yalikwenda kinyume. Sehemu hizo zilikuwa na njia zake, waongozaji wake, mavazi ya kuingilia na miiko ya mgeni karne nyingi kabla ya barabara ya lami kufika Ukunda. Kilichobadilika katika miaka hamsini iliyopita ni nani anayesimama mlangoni, na ada ya kuingia inaishia mfukoni mwa nani. Tukiifuata historia kwa swali hilo, tutaelewa kwa nini baadhi ya njia za Kwale zimedumu na nyingine zimemezwa na kuta za mawe.

Kaya ndipo pa kuanzia. Simulizi za Wamijikenda, jamii za pwani zenye kaya hizo, zinasema walitoka Shungwaya, upande wa kaskazini, na kwamba Wadigo, mojawapo ya jamii hizo, walitangulia kushuka kusini. Wanahistoria hawajaafikiana juu ya hilo. Thomas Spear, katika kitabu chake cha 1978 kuhusu kaya, aliyapa masimulizi hayo uzito mkubwa. Justin Willis, mwaka 1993, akaonyesha kwamba hata jina Mijikenda lilipata maana yake ya leo katika karne ya 20 tu. Ugomvi huo ni mtamu lakini si wetu hapa, kwa sababu pande zote mbili zinaafiki umbo la kaya yenyewe: makazi yaliyofichwa katikati ya msitu mnene, yakifikiwa kwa njia chache zenye milango. Mgeni hakukata kona. Alisubiri, akaulizwa, akaongozwa. Humo ndani mlizikwa fingo, kinga ya jamii, na kila kilichoizunguka kilikuwa na mwiko wake, kuanzia mti usiokatwa hadi sauti isiyopandishwa. Watu walipozihama kaya, hasa katika karne ya 19, wakaenda kulima mashamba mapana zaidi, kijiji kilikufa ila msitu ukabaki, na miiko ikabaki na msitu. Hata Uislamu, ulioenea sana kwa Wadigo, haukuufuta mpangilio huo. Mlangoni pa mto Mwachema, kati ya Tiwi na Diani, Msikiti wa Kongo umesimama kwa karne kadhaa chini ya mibuyu na bado unasaliwa, na si mbali na hapo kaya zikaendelea kuwa na wazee wake. Mtu wa Diani hakulazimika kuchagua kati ya kuheshimu kimoja na kuheshimu kingine.

Kilichoziumiza kaya ni hatimiliki. Katika miaka ya 1970 na 1980 ardhi ya ufuoni ilipimwa, ikagawanywa viwanja na kupanda bei, na kaya zilizokuwa karibu na bahari, hasa Kaya Diani na Kaya Ukunda, zikaanza kumegwa. Mwiko unamzuia mtu anayeuogopa au anayeuheshimu. Haumzuii mtu mwenye ramani ya kiwanja aliyoipata katika ofisi ya mbali. Wataalamu wa mimea Ann Robertson na Quentin Luke waliozunguka misitu hiyo wakiorodhesha mimea walikuta kwamba vichaka hivi vidogo, vingine vya hekta chache tu, vilihifadhi mimea adimu isiyopatikana mahali pengine. Kuanzia 1992 Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalianza kuzitangaza kaya kuwa turathi za taifa zinazolindwa kisheria. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kadhaa katika orodha ya Urithi wa Dunia, Kaya Kinondo ikiwamo, na mwaka uliofuata ikaziweka mila za kaya katika orodha ya urithi usioshikika unaohitaji kulindwa kwa haraka. Sheria ilifika wakati sehemu ya msitu imekwisha kuwa bustani ya hoteli. Hata mbega, waliokuwa wakiruka kutoka mti hadi mti, walilazimika kuvuka lami, hata wahifadhi wakawafungia madaraja ya kamba juu ya Barabara ya Ufuo ya Diani.

Kinondo, kusini kidogo ya Diani, ilichukua njia nyingine. Msitu wake ni wa takriban hekta 30 tu. Mapema katika miaka ya 2000 wazee waliufungua kwa wageni, lakini waliufungua kwa masharti yaleyale ya kale: mgeni hufungwa kaniki nyeusi kiunoni, huvua kofia, hufuata mwongozaji wa kijijini, hapigi picha palipokatazwa, hakumbatiani wala kubusiana na mwenziwe, na hatoki na chochote, hata kijiti kikavu. Walichoongeza ni ada. Msomaji aliyezoea njia za matembezi za Ulaya ataliona jambo hili geni. Katika nchi za Baltiki, kwa mfano Estonia, ambako hifadhi ya Lahemaa ilianzishwa mwaka 1971 ikiwa hifadhi ya taifa ya kwanza katika Umoja wa Kisovieti, mtu hutembea kwa uhuru juu ya njia za mbao zinazokatiza vinamasi, huchuma matunda ya porini na uyoga, na jioni hula alichochuma pamoja na mkate mweusi. Huko uhuru wa kuingia msituni ni haki ya kila mtu, na utalii wa vijijini umejengwa juu ya haki hiyo. Anayetaka kuuhamishia mtindo huo Kwale, na mipango ya maendeleo haikosi watu wa aina hiyo, anasahau kwamba msitu wa huku ulidumu kwa sababu haukuwa wa kila mtu.

Wapo watakaosema kwamba kutoza ada mlangoni pa kaya ni kuuza kitakatifu, na kwamba kaniki kiunoni mwa Mzungu ni maigizo. Pingamizi hili si jepesi, na miongoni mwa Wamijikenda wenyewe kuna wanaolishikilia kwa dhati. Lakini linachukulia kwamba kuna kaya fulani safi iliyojitenga na dunia, ambayo sasa inachafuliwa. Haikuwapo. Kaya zilipokea wageni, wafanyabiashara na wakimbizi tangu hapo, na kuingia kulikuwa na gharama, iwe zawadi, iwe mnyama wa sadaka, iwe kiapo. Kinachopaswa kuulizwa ni kama masharti bado yanamfunga mgeni au yamegeuka pambo. Hapo kipimo ni rahisi: je, kuna mahali ambapo mgeni mwenye pesa huambiwa hapiti? Kinondo pako. Mradi jibu ni hilo, mwiko ungali hai, na ada ni malipo ya mlinzi. Siku mgeni atakapopitishwa kila pembe kwa kuongeza noti, wapinzani watakuwa wamesema kweli, nami nitakuwa upande wao.

Vilima vya Shimba vina historia iliyo karibu kinyume cha hiyo. Huko serikali ndiyo iliyoweka mlango, kwanza kwa kuvifanya msitu wa serikali mapema katika karne ya 20, halafu kwa kuvitangaza hifadhi ya wanyama mwaka 1968, kwa kiasi fulani kwa ajili ya palahala, swala mweusi mwenye pembe zilizopinda kama jambia, ambaye nchini Kenya anapatikana hapo tu. Mgeni akapata maporomoko ya Sheldrick, yenye kimo cha mita zipatazo 20, na mandhari ya bahari kwa mbali. Mkulima wa pembezoni akapata ndovu katika mahindi. Mwaka 2005 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori liliwahamisha ndovu wapatao 150 kwenda Tsavo Mashariki kwa sababu vilima havikuwatosha tena. Miaka kumi kabla yake, mwaka 1995, wenye mashamba ya Golini na Mwaluganje walikuwa wamekubali jambo ambalo mkulima wa kawaida angeliona wazimu: kuacha kulima ardhi waliyokwisha kuipoteza kwa ndovu, kuiunganisha kuwa hifadhi, na kugawana mapato ya wageni kila mwaka kwa kadiri ya ekari za kila mmoja. Mwaluganje husifiwa mno katika ripoti, na sifa hizo zinahitaji kupunguzwa chumvi. Mgao unaotegemea wageni hupungua nao, na pwani hii imeonja hilo zaidi ya mara moja: baada ya machafuko ya Likoni ya Agosti 1997, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na wakati wa korona. Ndovu hawapunguzi chakula mwaka wa machafuko. Hata hivyo mwenye shamba wa Mwaluganje ana kitu ambacho jirani yake wa upande mwingine wa hifadhi hana, nacho ni kiti katika kikao kinachoamua.

Baharini hadithi ni hiyohiyo kwa sura nyingine. Kisite ilitangazwa hifadhi ya bahari mwaka 1973, na wavuvi wa Shimoni, Wasini na Mkwiro wakaambiwa maeneo ya babu zao sasa ni ya kutazamwa kwa miwani ya kupiga mbizi. Faida ya kwanza ilikwenda kwa wenye majahazi ya kitalii. Kijiji kilichelewa kupata mlango wake, na kilipoupata ulikuwa wa wanawake: nyuma ya kijiji cha Wasini, penye matumbawe makavu yaliyoinuka juu ya bahari na kuzungukwa na mikoko, kikundi cha akina mama kilijenga njia ya mbao na kuanza kutoza wapitao. Gazi wakafanya vivyo hivyo katikati ya mikoko. Gazi si kijiji cha kuchezewa kihistoria. Hapo ndipo alipokaa Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, aliyewapiga vita Waingereza mwaka 1895 hadi alipovuka kwa Wajerumani mwaka uliofuata. Leo kijiji hicho kinajulikana zaidi kwa Mikoko Pamoja, mradi uliozinduliwa mwaka 2013 unaouza hewa ya ukaa inayofyonzwa na hekta 117 za mikoko na kupeleka mapato shuleni na kwenye maji. Shimoni nako, ambako Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki iliweka kituo mwishoni mwa karne ya 19, mapango yanayosimuliwa kuwa ghala la watumwa yanasimamiwa na kamati ya kijiji. Mwanahistoria mwangalifu atasema mapango hayo yamewahi pia kuwa kimbilio na mahali pa matambiko, na kwamba simulizi ya minyororo imemeza nyingine kwa kuwa ndiyo inayomvuta mgeni. Ni kweli, na ni gharama ya mlango: anayelipa huchagua anachotaka kusikia.

Na chakula? Hapa tofauti na Baltiki ni wazi kabisa. Msitu wa huko humlisha mpita njia. Kaya humnyima, na chakula kinachovuka mlango wake ni cha sadaka. Jiko la Kwale liko ukingoni mwa msitu, kwenye minazi, migomba, mihogo na pwani maji yanapokupwa. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, pweza, mahamri kwa mbaazi: hivi mgeni wa hoteli amevionja, walau katika usiku wa wiki unaoitwa wa Kiswahili. Lakini mtsunga, mboga chungu inayoota yenyewe shambani, na kimanga cha muhogo na kunde havikupanda meza hiyo, kwa sababu mpishi wa hoteli aliona ni vyakula vya dhiki. Wasini, kisiwa kisicho na maji ya chemchemi, ambacho watu wake kwa vizazi wamekinga maji ya mvua, kilijenga sifa ya kaa na samaki wa nazi kwa wageni wa majahazi, na sahani hiyo ikawa sehemu ya safari ya Kisite kiasi kwamba ni nadra safari kuuzwa bila mlo. Kule Kibuyuni wanawake wanalima mwani, ambao kwa wengi wao ni zao la kuuza kuliko kitoweo.

Pingamizi la mwisho ndilo zito kuliko yote: mapato ya milango hii yote ukiyajumlisha hayafikii kivuli cha yale ya hoteli za Diani, na kijana wa Msambweni anahitaji mshahara kuliko urithi. Hilo sikatai. Ila hoteli na njia hazifanyi kazi moja, na kuzipima kwa mizani moja ni kuonea. Hoteli inaweza kufungwa mwaka huu na kufunguliwa mwakani na mwenye mtaji mwingine. Kaya iliyomegwa haifunguliwi tena. Zaidi ya hayo, mgeni mwenyewe anabadilika. Barabara ya Dongo Kundu imeunganisha kusini na bara bila feri, na reli iliyofunguliwa mwaka 2017 inamshusha Mombasa Mkenya wa Nairobi kwa bei anayoimudu. Huyu si Mzungu wa kufungwa kaniki akacheka. Pengine bibi yake ana mti usiokatwa huko kwao Murang'a au Vihiga. Anajua mwiko ni nini, na anajua pia jinsi ya kubembeleza apunguziwe ada. Akiagiza kimanga na mtsunga kwa jina, mpishi atalazimika kumtafutia, na akifika mlangoni pa Kinondo bila kofia tayari, mwongozaji itabidi atafute kitu kingine cha kumfundisha.