Nta, Makombo na Maua: Historia ya Kumwita Ndege Dirishani

Mwaka 1588, padri Mreno João dos Santos alikuwa Sofala, bandari ya dhahabu iliyokuwa kusini kabisa mwa miji ya biashara ya Waswahili. Humo kanisani alimwona ndege mdogo akiingia na kudonoa nta ya mishumaa. Aliandika pia kwamba ndege huyo huwatangulia watu porini kwa kelele mpaka wafike penye nyuki, kisha hujilia masega wanayoacha. Ni mlembe. Hayo ni miongoni mwa maandishi ya kale zaidi ya ukanda wetu kuhusu ndege wa porini kuingia ndani ya jengo kufuata chakula, na tayari yana somo ambalo wakazi wa ghorofa za Morogoro wanalihitaji leo: ndege huja kwa kile kilichowekwa. Ukiweka nta, atakuja mlembe. Ukiweka makombo, atakuja mwingine kabisa.

Warina asali walilijua hilo zamani. Wayao humwita mlembe kwa mlio wao, Wahadza kwa mluzi wao. Utafiti uliofanywa Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, na kuchapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba Myao akitoa mlio wa jadi, nafasi ya kuongozwa na mlembe hupanda kutoka asilimia 33 hadi 66. Ndege huyo hafugwi wala hafungwi. Huitika kwa hiari, na hiyo ndiyo heshima yake.

Kwa mkulima mambo yalikuwa mengine. Katika mashamba ya mtama ya Kilosa na mbuga za Mkata, kazi ya mtoto ilikuwa kuamia: kukaa juu ya dungu na manati mkononi na makopo ya kugonga, tangu punje zinapoanza kujaa hadi siku ya kuvuna. Hadi leo kwelea wakishuka kwa makundi makubwa, serikali hulazimika kutuma ndege ya kunyunyizia sumu. Mtu aliyelelewa hivyo akimwaga mtama dirishani ili ndege waje, anatenda kinyume kabisa cha alichofundishwa na bibi yake. Simlaumu bibi. Suke moja lilikuwa ni mlo wa nyumba nzima.

Basi desturi ya kuwalisha ndege mjini ilitoka wapi? Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Morogoro mwaka 1907. Kando ya reli walikuja wafanyabiashara wa Kihindi, na katika miji yetu mingi ndio walioeneza nyumba ya duka chini na makazi juu. Wahindu na Wajaini wana desturi ya kumwaga nafaka kwa ajili ya njiwa kama tendo la huruma. Kule Gujarat, walikotoka wengi wao, kuna minara iliyojengwa mahsusi kwa kazi hiyo. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majumba mengi ya kupangisha, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na wapangaji wa kila kabila wakapanda ngazi zile. Wengi wao walikuwa wametoka mashambani, ambako ndege alikuwa mwizi. Juu ghorofani, bila shamba la kulinda, alianza kuwa jirani.

Lakini India ilituletea pia ndege mwenyewe. Katika miaka ya 1890 kunguru wa kijivu-cheusi aliletwa Unguja ili asaidie kusafisha taka. Alizisafisha kweli, kisha akageukia mayai na makinda ya ndege wengine, vifaranga vya kuku na vyakula vya watu. Akavuka bahari hadi bara, akaijaza Dar es Salaam, akapanda na barabara hadi Morogoro. Tanzania imempiga vita kwa mitego na sumu kwa miongo kadhaa. Kenya nayo ilitangaza mwaka 2024 kwamba inakusudia kuwaangamiza kunguru milioni moja. Hatua hizo zote zinapambana na ndege aliyeletwa kwa nia njema, akanenepeshwa na taka zetu. Kila gamba la samaki na kila kipande cha ugali kinachotupwa ukingoni mwa dirisha kinaendeleza kazi ile ya miaka ya 1890.

Wakati kunguru akisambaa pwani, baadhi ya ndege wa milima ya Uluguru, iliyo juu ya mji wa Morogoro, walikuwa hawajulikani nje ya vijiji vya Waluguru. Waliokuja kuwatafuta hawakuweka chakula. Walikuja na bunduki. Arthur Loveridge, mzaliwa wa Wales aliyekuwa msaidizi wa bwana nyama huko Kilosa, Tanganyika, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, alikuwa akikusanya nyoka, vyura na ndege. Mwaka 1922 mtaalamu Ernst Hartert alimtambulisha chozi mmoja kutoka Uluguru na kumpa jina la Loveridge. Chozi huyo hayupo mahali pengine popote duniani. Loveridge alikwenda Marekani, katika jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Harvard, kisha akarudi Uluguru mwaka 1926 na kupiga kambi Bagilo. Kutokana na safari hiyo, mwaka 1927 Herbert Friedmann alimtangaza tiva wa Uluguru, ndege mkubwa wa manjano na kijani mwenye kichwa cheusi, anayekaa juu kabisa ya miti.

Mwaka 1938 ikawa zamu ya Reginald Moreau, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara. Alimtambulisha ndege wa vichakani kutoka Uluguru na kumpa jina la mkewe, Winifred. Moreau mwenyewe alikiri msaada mkubwa wa mkusanyaji wake Mwafrika, Salimu Asmani. Ninasikitika kwamba katika milima hii majina ya wageni na wake zao yamekaa juu ya ndege wetu, na waliojua njia za msituni wametajwa kwa nadra. Hilo ni deni la wanahistoria wa Tanzania.

Huko Uingereza kulisha ndege madirishani kulikuwa kumeshika kasi tayari. Majira ya baridi kali ya 1890 na 1891, magazeti yaliwasihi watu wawape ndege makombo wasife njaa, na kufikia 1910 jarida la Punch liliita jambo hilo burudani ya taifa. Kwao theluji hufunika kila kitu, hivyo huruma ile ilikuwa na maana. Hata hivyo tangu 2005 ugonjwa unaoenezwa pale ndege wanapokusanyika kwenye sahani moja umeua chiriku wa kijani kwa wingi, na mwaka 2025 chama kikuu cha kuhifadhi ndege cha Uingereza, RSPB, kilisitisha kuuza vibao bapa vya kulishia.

Morogoro haina theluji. Ndege wa hapa anachokikosa kuanzia Juni hadi Oktoba ni maji zaidi ya nafaka. Beseni dogo lenye maji ya kina cha kidole, likisuguliwa na kubadilishwa kila siku, huleta shorewe, tetere na kwera bila kumwita kunguru kwa harufu ya mabaki. Mtama mchache si dhambi, mradi uliwe asubuhi uishe na sahani ioshwe.

Nguvu yote ya dirisha la Morogoro, hata hivyo, imo katika maua. Chozi hahitaji kilishio. Ana mdomo uliopinda wa kufikia ndani ya ua, na wanakijiji wa Uluguru humwona kila siku kwenye maua ya migomba. Panda shubiri katika chungu ghorofani, iache itoe mkungu wake mwekundu, naye atakuja hata ghorofa ya tatu. Usishangae akianza kupigana na kioo: dume huona sura yake humo na kudhani ni mpinzani aliyeingia eneo lake. Bandika karatasi kwa nje au weka pazia mpaka msimu wa kutaga upite, maana anaweza kujichosha mno.

Chozi wa mjini si yule wa Loveridge, ambaye hukaa juu, msituni na pembezoni mwake. Huyo utampata ukipanda mlimani kuelekea Morningside. Tiva wa Uluguru ndiye hatafika kabisa, na hakuna chambo kitakachomshusha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikadiria jozi 1,200 hivi, zote katika msitu wa Uluguru Kaskazini, mlima uleule unaoonekana madirishani mwa mji. Msitu wa Uluguru ulipungua kutoka kilomita za mraba 300 hivi mwaka 1955 hadi 230 hivi mwaka 2001. Hifadhi ya Mazingira Asilia ilitangazwa mwaka 2008, na moto wa kiangazi bado unapanda mabonde.

Kwa hiyo maombi yangu kwa mkazi wa ghorofani Morogoro ni mawili. Makombo yaingie kwenye ndoo yenye mfuniko, na ukingo wa dirisha upate maji safi na chungu cha shubiri. Na ukiona moshi ukipanda kilele cha Lupanga mwezi Septemba, usingoje jirani. Piga simu ofisi ya hifadhi au serikali ya mtaa siku hiyohiyo.