Mtama Usiosubiri Siku Fupi

Busi, wilayani Kondoa, huwa na msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Mtama ukichelewa kuchanua, ukame huukuta punje hazijajaa.

Siri ya kuchelewa huko ilianza kufumbuliwa Texas. Mwaka 1945 watafiti Quinby na Karper walieleza jeni tatu zinazopanga wakati wa mtama kuchanua. Ile yenye nguvu zaidi, Ma1, huzuia maua siku zikiwa ndefu. Jeni hiyo ilitambuliwa hasa ndani ya DNA mwaka 2011. Wakulima wa Afrika, bila maabara yoyote, walikuwa wameshachagua masuke yaliyofaa misimu yao kwa karne nyingi.

Tanzania iliidhinisha aina ya mtama iitwayo Pato mwaka 1995, kisha Macia mwaka 1999, zote zikiwahi kukomaa kuliko mitama mingi ya kienyeji. Mvua zikichelewa, mbegu za kupanda ni hizo.