Soko la Nyangwe, Bwami ya Warega, na Mkataba wa Jamii

Wanafalsafa wa mkataba wa jamii, yaani Hobbes mwaka 1651, Locke mwishoni mwa karne hiyo hiyo, na Rousseau mwaka 1762, walihitilafiana sana juu ya tabia ya binadamu, lakini wote watatu walimfikiri kwanza mtu asiye na hakimu juu yake, kisha wakauliza amefungamanaje na wenziwe; na kwa kuwa wao walimfikiri tu, nasi wa Maniema, mashariki ya Kongo, tunao babu zetu walioishi hivyo kabla ya bendera ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ni haki ushahidi wao usikilizwe.

Hobbes alishikilia kwamba pasipo mtawala mwenye upanga ahadi zote ni maneno matupu. Basi na tuitazame Nyangwe, kando ya mto Lualaba, kusini kwa Kindu, ambako mwaka 1871 wanawake kwa mamia na maelfu, wa ng'ambo hii na ng'ambo ile, walikutana sokoni na samaki, mihogo, vyungu na mafuta ya mawese, pasipo sultani mmoja wa kuwaamuru, na mwanamke aendaye sokoni hakuguswa hata waume walipokuwa vitani. Tarehe 15 Julai watu wa wafanyabiashara wa utumwa waliumiminia umati huo risasi. Livingstone, msafiri wa Kiskoti aliyeshuhudia, aliandika kwamba wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400.

Mfuasi wa Hobbes atadai kwamba kisa hiki chamthibitisha imamu wake, maana ahadi ilivunjika bunduki zilipolia. Sikubali. Upanga ulikuwapo Nyangwe siku ile, tena wa kutosha na kusaza. Aliyekosekana ni wa kumhoji aliyeushika, na hofu ya mtawala asiyehojiwa ni ya Locke, ingawa Locke mwenyewe (tusimsitiri) aliweka fedha zake katika kampuni ya Kiingereza iliyouza watumwa.

Wala wafuasi wa Rousseau wasishangilie. Warega wa Pangi, hapa hapa Maniema, ambao hawakuwa na mfalme, hawakudai kwamba mtu huzaliwa mwema kisha jamii ikamharibu. Katika Bwami, chama chao cha madaraja, mwanamume alipanda daraja baada ya daraja mpaka kindi, daraja la juu kabisa, mkewe akipanda pamoja naye, jamaa wakimchangia mali, wakubwa wakimfunza kwa methali, ngoma na sanamu ndogo za pembe za ndovu. Na mgomvi asiyeweza kuizuia hasira yake alibaki chini, utajiri wake usimfae kitu. Kwa itikadi hiyo tabia njema ilikuwa kazi ya umri mzima, na ridhaa ya mtu kwa wenziwe, ambayo Rousseau aliidhania mara moja mwanzoni mwa dola, ilitolewa upya kila daraja, kwa gharama na mbele ya mashahidi.

Nayo serikali ya Wabelgiji, iliyojinadi kuwa ndiyo iliyoleta amani na nidhamu katika nchi hii, iliipiga Bwami marufuku mwaka 1948.